Mstari wa Saba wa Ubao wa Stesheni

Shangazi yangu alikuwa mlinzi wa geti la reli, pale barabara ya mashambani inapokatiza reli, mwendo wa dakika kumi kwa miguu kutoka stesheni. Alikuwa mwanamke wa kwanza kupewa kazi hiyo kwenye njia yote ile. Watu walimwita Mama Geti, na jina hilo halikumtoka hata baada ya kazi kumtoka.

Alizaliwa kwenye nyumba za reli, safu ya vyumba sita vilivyotazama mataruma, yale magogo yanayobeba reli. Babu yangu, baba yake, alikuwa kibarua wa genge lililokuwa likibadilisha mataruma na kukaza misumari. Siku hizo stesheni ile ilikuwa na uhai. Jengo lenyewe ni dogo: kuta za mawe, paa la bati jekundu, chumba kimoja cha kungojea chenye mabenchi ya saruji, na dirisha la tiketi lenye nondo zilizobanana hata paka hapiti. Lakini treni mbili za abiria zilisimama kila siku, moja ya kwenda na moja ya kurudi. Mwalimu mpya alishuka pale. Mgonjwa aliyeshindikana alipandia pale, akiwa amelazwa kwenye mlango uliong'olewa bawaba. Mavuno yalijaa ghalani mpaka mlango haufungi.

Shangazi alipopewa bendera zake mbili, nyekundu na kijani, alikuwa na miaka ishirini na minne. Kazi ilikuwa hivi: treni ikikaribia, simu inapigwa kwenye kibanda chake, naye anashusha boriti barabarani, anasimama na bendera mpaka behewa la mwisho lipite. Miaka kumi na moja hakukosa hata mara moja. Alifanya kazi ana mimba, alifanya kazi ana mtoto mgongoni. Baba yangu alikuwa akimtania kwamba hata akiota ndoto ananyoosha mkono.

Kisha simu ikafa.

Haikufa siku moja. Ilianza kukoroma, ikawa inalia bila mtu upande wa pili, mwishowe ikanyamaza kabisa. Shangazi akaandika barua, akampa stesheni masta aipeleke makao makuu. Wiki tatu kimya. Akaandika ya pili. Stesheni masta akamwambia, "Mama Geti, vuta subira, fundi yuko njiani." Akaandika ya tatu, akamwambia stesheni masta mbele ya watu, "Huyo fundi anakuja kwa magoti?" Watu wakacheka. Stesheni masta naye akacheka. Wakakubaliana kwamba treni ikitoka stesheni, masta atagonga kipande cha reli kilichoning'inizwa jukwaani, na yeye atasikia. Ilikuwa afadhali, lakini ilisaidia upande mmoja tu. Treni ikitoka upande wa pili, hakukuwa na wa kugonga chochote. Huko alitegemea ratiba na masikio yake.

Wiki ya kumi na moja, saa tisa mchana, likaja treni la kokoto ambalo halikuwa kwenye ratiba, na likaja kutoka upande ule wa pili. Boriti lilikuwa juu. Trekta la shamba lilikuwa limeshaingia kwenye reli, likivuta tela lenye vibarua kumi na wanne waliotoka kuvuna. Shangazi alilisikia lile treni kabla hajaliona, kwa sababu linapotokea pale limefichwa na kona. Akapiga ukelele. Dereva wa trekta akashtuka, injini ikazima, tela likabaki katikati ya reli. Wengine wakaruka. Shangazi akachukua bendera nyekundu, akakimbia kulielekea treni.

Walikufa watano. Mmoja alikuwa binti wa miaka kumi na tisa, pacha. Mama yake tulimwita Mama Mapacha, na tukaendelea kumwita hivyo, kwa sababu siku mtu mmoja alipomwita kwa jina la mtoto aliyebaki, alimkata kauli: "Nilizaa wawili."

Uchunguzi ulichukua nusu siku. Walikuja mabwana watatu wenye suti, wakawekewa meza jukwaani, wakaletewa chai. Shangazi aliitwa, akasimama mbele yao kama mwanafunzi aliyechelewa. Mwenye miwani akamwuliza, "Geti lilikuwa wazi au limefungwa?"

"Lilikuwa wazi, mheshimiwa, lakini simu—"

"Inatosha. Asante."

Shangazi akamgeukia stesheni masta, aliyekuwa amesimama kando na kofia yake mkononi. Yule aliyezipokea barua tatu. Yule aliyecheka. Masta akaangalia viatu vyake. Mwezi uliofuata akapandishwa cheo, akahamishiwa stesheni kubwa. Shangazi akapewa siku saba kutoka kwenye nyumba ya reli, nyumba aliyozaliwa. Barua ya kumfukuza ilikuwa na maneno mawili ambayo alijifunza kuyachukia kuliko matusi yote: uzembe kazini.

Alihamia kwetu na mwanawe. Nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka alivyokuwa akiosha vyombo. Alikuwa anavisugua kama anavidai kitu. Mama yangu alimwambia, "Wifi, sufuria litatoboka." Shangazi akajibu, "Litoboke. Litakuwa limezembea." Hapo hakuna aliyecheka. Njiani wengine walimpa pole, wengine walivuka upande wa pili. Mama Mapacha alikuwa akimsalimia, "Habari za asubuhi," na kupita. Hakumlaumu wala hakumwondolea lawama. Salamu tu, miaka nenda miaka rudi.

Geti halikupewa mlinzi mwingine. Boriti liling'olewa, ukawekwa ubao ulioandikwa "Tahadhari".

Na stesheni yenyewe ikafa kama ile simu. Treni mbili kwa siku zikawa mbili kwa wiki, zikawa moja, na asubuhi moja haikuja. Hakuna aliyetangaza. Watu walikaa na mizigo yao kwenye mabenchi mpaka jua likageuka, kisha karani wa tiketi akafunga dirisha, akaomba lifti kwenye lori la mbao, akaenda zake. Baada ya hapo zilipita treni za mizigo tu, bila kupunguza mwendo. Mbuzi wakahamia chumba cha abiria. Mabati mawili yakaibwa.

Miaka tisa ilipita hivyo. Kisha shangazi akaamka asubuhi moja, akachukua fagio na ndoo, akaenda stesheni. Nilimfuata. Nilikuwa nimemaliza mafunzo ya ualimu wa chekechea na sina pa kufundishia.

"Shangazi, hili ni jengo la shirika la reli. Watatushtaki."

"Walinitoa kwenye nyumba yao kwa nguvu," alisema, huku anafukuza mbuzi kwa fagio. "Sasa naingia kwa miguu yangu. Waje waniambie."

Sababu yake ilikuwa wazi. Shule ya msingi iko ng'ambo ya reli. Watoto wadogo wa upande wetu walivuka pale pale kwenye geti lisilo na geti, asubuhi na mchana, na wazazi walikuwa mashambani. Akataka wale wadogo kabisa wabaki upande huu mpaka wapate akili ya kusimama na kusikiliza. Wanawake kumi na wawili wakajitokeza. Tulikwangua kinyesi cha mbuzi kwa majembe. Fundi seremala wa kijijini akatupa milango. Chumba cha abiria kikawa darasa langu, na mabenchi ya saruji yakawa madawati. Ofisi ya masta ikawa stoo ya mahindi ya kikundi. Kila Alhamisi nesi wa zahanati alikuja na pikipiki, akakaa chumba cha tiketi, na akina mama walipanga foleni dirishani kupewa kadi za kliniki. Miaka kumi na nne stesheni ile ilifanya kazi bila treni, na ilifanya vizuri.

Ndipo wakaja watu wa shirika.

Aliyetangulia alikuwa kijana nadhifu, viatu vyeusi vimeshika vumbi, na kitambulisho kifuani: Afisa wa Urithi. Alitueleza kwamba shirika limeamua kuikumbuka historia yake. Stesheni yetu ilichaguliwa kwa sababu jengo bado limesimama. Kutakuwa na picha za zamani, kofia na taa za zamani, na treni maalumu la wageni mara moja kwa mwezi. Tulipewa wiki mbili kuhamia ghala la mizigo, lile lisilo na madirisha.

"Na nani alilifanya lisimame?" shangazi akamwuliza.

"Tunawashukuru sana wanajamii, bibi."

"Watoto wangapi watakaa ghalani bila hewa? Uliwahesabu?"

Kijana akatabasamu, akaandika kitu. Lakini alipojua kwamba bibi huyu aliwahi kufanya kazi ya reli, macho yakamng'aa. Akaomba amhoji. Shangazi alitaka kumfukuza, kisha akafikiri. Akaketi naye jukwaani kwa saa mbili nzima, bakuli la karanga kati yao. Alimweleza kila kitu: simu, barua tatu, treni la kokoto, meza ya mabwana watatu. Nilikuwa karibu nikisikiliza, na ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akiyasema yote kwa mpangilio. Kijana alitikisa kichwa kwa huruma, akasema, "Pole sana, bibi. Haya lazima yajulikane." Siku ile shangazi alirudi nyumbani ametulia. Nilianza kuamini kwamba hata yeye angeweza kupumzika.

Mafundi walipaka rangi, wakarudisha mabati. Siku nne kabla ya ufunguzi wakafunga ukutani ubao mkubwa wenye historia ya stesheni. Tulikwenda kuusoma, mimi na shangazi. Anasoma taratibu, kwa sauti, na kidole hewani. Mwaka wa kujengwa. Urefu wa jukwaa. Tani za mavuno. Jina la bwana mkubwa aliyekata utepe. Mstari wa saba ulisema: "Kipindi hicho, uzembe wa mlinzi wa geti ulisababisha vifo vya vibarua watano."

Alirudia neno lile moja. "Uzembe." Akageuka, akaenda moja kwa moja hadi kwenye hema la afisa. Mimi nilikuwa nakimbia kumfuata, yeye anatembea.

"Nani kaandika mstari wa saba?"

Kijana akasimama. "Bibi, hiyo ndiyo iliyoko kwenye faili."

"Na niliyokuambia mimi saa mbili?"

"Yale ni masimulizi, bibi. Tunayaheshimu sana. Lakini faili ndio ushahidi."

"Barua zangu tatu ziko kwenye hilo faili?"

"Hazimo."

"Kwa hiyo mwizi ndiye anayetunza ushahidi!" Akamnyooshea kidole. "Wewe kijana, ulikula karanga zangu, ukanipa pole, ukaenda kuniua mara ya pili. Bora wale mabwana wa suti, wao hawakunipa pole."

Afisa akasema ubao umeshachapishwa, na uamuzi si wake. Siku zote uamuzi si wa aliye mbele yako.

Jioni ile Mama Mapacha alikuja kumchukua mjukuu wake shuleni. Hajui kusoma, akaniomba nimsomee ubao. Nilisita. Akasema, "Soma, mwalimu. Mimi nimeshazika, nitaogopa maneno?" Nikamsomea. Nilipofika mstari wa saba akanishika mkono.

"Uzembe? Nani kasema uzembe? Mimi nilikuwepo. Nilikuwa nawapelekea maji, niko ukingoni mwa shamba. Nilimwona akikimbia. Hakukimbia pembeni ya reli, alikimbia katikati, treni linakuja, bendera kaishika kwa mikono miwili. Aliruka dakika ya mwisho. Hata nilidhani na yeye kaenda."

Hatukujua kwamba shangazi yuko nyuma yetu, mlangoni mwa ghala. Alisogea polepole.

"Uliona?"

"Niliona."

"Miaka ishirini na sita. Mbona hukusema?"

"Hakuna aliyeniuliza. Mabwana walipokuja nilikuwa msibani."

"Na baadaye?"

Mama Mapacha akasema bila kuinamisha uso, "Baadaye nilikuwa na hasira na wewe. Kwamba wewe uliruka ukabaki hai, na mwanangu hakuruka. Nilijua si haki. Lakini ndivyo ilivyokuwa."

Ningependa kusema walikumbatiana. Hawakukumbatiana. Shangazi alimtazama, akaokota kanga yake, akaenda nyumbani. Usiku hakula. Kesho yake Mama Mapacha alimsalimia njiani na hakujibiwa, na mimi nikaona hasira mpya imekalia ile ya zamani. Nilimwambia, "Shangazi, yule ni mfiwa." Akanijibu kwa ukali, "Na mimi je? Mimi nilikuwa nini?"

Siku ya pili akaja Mama Mapacha mwenyewe nyumbani, akakaa kizingitini bila kukaribishwa. "Nichukie ukitaka," alisema. "Una haki. Lakini ule ubao umemtaja mwanangu kwa uongo. Sikubali afe kwa uongo. Tunafanyaje?"

Shangazi aliendelea kuchambua mchele. Alipoumaliza akasema, "Unaweza kubeba kopo bila kulimwaga?"

Siku ya ufunguzi treni la wageni lilifika saa nne asubuhi. Mkubwa wa shirika alisimama jukwaani, akaanza kusema jinsi stesheni ndogo zilivyo moyo wa taifa. Mafundi walikuwa wameacha nusu kopo la rangi nyeusi, ile waliyopakia ukingo wa jukwaa. Shangazi alipita katikati ya wageni, amevaa gauni lake la kanisani, na Mama Mapacha nyuma yake kashika kopo. Hawakukimbia. Shangazi alichovya brashi, akapaka mstari wa saba kutoka neno la kwanza hadi la mwisho, taratibu, kama mtu anayepaka mlango wake. Hotuba ikakatika.

Askari akaja mbio. "Bibi, unaharibu mali ya umma!"

"Umma ni sisi," akasema shangazi. "Shika brashi hii, nimemaliza."

Mkubwa akauliza kwenye kipaza sauti, bila kujua kiko wazi, "Huyu ni nani?" Mama Mapacha akamjibu kwa sauti ambayo haikuhitaji kipaza. "Huyu ndiye mlinzi wa geti! Simu yenu ilikufa wiki kumi na moja! Aliwaandikia mara tatu! Mwanangu alikuwa kwenye lile tela, na mimi niliona kwa macho yangu. Sasa niulizeni mimi!" Wageni waliinua simu zao. Afisa wa Urithi alikuwa anaangalia viatu vyake, nami nilipomwona nikatamani kumrushia kimojawapo.

Waliwapeleka kituo cha polisi, wote wawili, kwenye gari la wazi. Nilikwenda kwa miguu nikilia kwa ghadhabu. Nilipofika nikawakuta wameketi kwenye benchi moja, na askari wa zamu anamwambia shangazi aandike maelezo yake. Alimpa karatasi moja. Shangazi akaijaza, akaomba nyingine. Akaomba ya tatu. Askari akalalamika, "Bibi, andika tu kilichotokea leo."

"Kilichotokea leo kilianzia kwenye simu," akasema. "Miaka ishirini na sita nangoja mtu mwenye muhuri aniambie niandike maelezo. Lete karatasi."

Aliandika kurasa tisa. Mama Mapacha alieleza yake, mimi nikamwandikia, akaweka dole gumba. Askari alizisoma zote, kisha akapiga muhuri kila ukurasa. Akawaachia kwa onyo. Nakala tunayo.

Baada ya miezi miwili shirika lilileta ubao mpya. Mstari wa saba sasa unasema: "Kipindi hicho ilitokea ajali ya kusikitisha ambapo vibarua watano walipoteza maisha." Watu walimpongeza shangazi. Yeye aliusoma akatema mate. "Ilitokea! Kama mvua. Ilijitokea yenyewe, haina mwenyewe." Hakuna lililosemwa kuhusu simu wala barua. Kurudishwa kwa jina lake kulikuja kwa kimya, kama kitu kilichorudishwa kwa kutupwa uani.

Watoto wangu bado wako ghalani. Tulitoboa madirisha wenyewe, mawili, na seremala akatuwekea fremu. Chumba cha abiria kina kamba nyekundu ili mtu asikalie mabenchi. Treni la wageni lilikuja mara nne, halijaja tena tangu mvua zilipoanza. Taa za zamani zinafutwa vumbi na mlinzi anayelipwa kulinda taa. Pale barabarani, ambako watoto wakubwa wanavuka kila siku, bado kuna ubao wa tahadhari ulioliwa na kutu. Pesa za rangi shirika lilipata, za geti halikupata.

Basi wanaume wa kijiji wakakata mti mrefu, wakauwekea mhimili na jiwe la uzito mwishoni, wakausimamisha pale pale uwe geti. Shangazi ana miaka sitini na mmoja. Asubuhi anashika zamu yeye, mchana Mama Mapacha. Hawaongei sana. Nimewahi kuwakuta wakigombana kuhusu nani aliacha kibanda wazi, na sauti zao zilifika mpaka darasani.

Shirika limeandika kwamba mti ule ni kizuizi kisichoidhinishwa, uondolewe. Walikuja vijana wawili na msumeno. Shangazi akawauliza treni linalofuata linapita saa ngapi. Hawakujua. "Mimi najua," akawaambia, "saa tano na robo, na watoto wanatoka saa tano na dakika kumi. Sasa kateni, niwaone." Walisimama kidogo, wakatazamana, wakarudisha msumeno kwenye gari.

Juzi imefika barua nyingine, ina nembo ya shirika. Nilimpelekea getini. Aliiweka mfukoni bila kuifungua, akaniambia nisogee, treni linakuja.